Sifa kwa Wakili, Lawama kwa Karani

Msomaji wa maamuzi ya mahakama zetu hukutana mara kwa mara na mtu mmoja ambaye aghalabu hatajwi kwa jina. Wakili amechelewa kuwasilisha utetezi, au hakutokea siku ya kesi kusikizwa, na mteja wake ameshindwa bila ya kusema neno. Sasa wakili amerudi na ombi la kutaka amri ile ifutwe, na katika hati ya kiapo inayoambatana na ombi hilo anaeleza kwamba karani wa ofisi aliandika tarehe visivyo kwenye shajara. Majaji wamezoea kusema kwamba kosa la wakili lisimwangukie mteja, na mara nyingi ombi hukubaliwa kwa sharti la kulipa gharama. Mteja amerudishiwa kesi yake, wakili amebaki na heshima yake, na mahakama imehamia faili inayofuata. Karani, ambaye pengine tarehe ile hakuambiwa kabisa, ndiye anayebaki katika kumbukumbu za mahakama akiwa mkosaji, na hakuna aliyemwita kumuuliza.

Nimeanza na hati hiyo kwa sababu inaonyesha mambo yalivyo kuliko kisa chochote cha matusi. Tunapozungumzia manyanyaso katika ofisi za mawakili, mazungumzo huishia kwenye tabia: bosi fulani ni mkali, mwingine ana ulimi mchafu, mwingine akiamka vibaya ofisi nzima huinamisha vichwa. Hayo yapo. Hata hivyo, naona tabia hizo zinapata nafasi kutokana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, kwani kila kilichofanywa na karani hutoka nje kwa jina na muhuri wa wakili, ilhali kila kilichoharibika hurudi ndani kikimtafuta mtu asiye na muhuri. Hata bosi mpole, akikalia kiti hicho kwa miaka, ataona ni jambo la kawaida kwamba sifa ni zake na lawama ni za mwingine.

Malindi, katika pwani ya Kenya, panafaa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa mji ni mdogo na mahakama zake ni nyingi. Hapa pana mahakama ya hakimu na ya Kadhi, pana Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi, na majaji wa Mahakama ya Rufaa nao huketi hapa. Kesi za viwanja vya pwani, za maskwota na wenye hati miliki, za mirathi, za ajali za barabara ya Mombasa na za wageni walionunua nyumba wakaingia kwenye mizozo, zote hupitia katika ofisi ambazo nyingi zina wakili mmoja au wawili na makarani wachache. Karani ndiye anayefungua ofisi asubuhi. Ndiye anayekwenda masijala kuuliza faili iko wapi, anayepanda matatu kwenda Kilifi kutafuta cheti cha upekuzi wa umiliki katika ofisi ya ardhi, anayeandika rasimu ya hati za madai ambazo wakili atazisoma juu juu kabla ya kutia sahihi. Mzee wa Magarini akija na shida yake kwa Kigiriama, karani ndiye anayeisikiliza, akaigeuza Kiswahili kwa wakili na Kiingereza kwa mahakama, kisha akamsomea mzee hati ile kabla hajaweka dole gumba. Ujuzi huo wa lugha tatu, ambao bila yake ofisi isingekuwa na wateja wa mashambani, haumo katika hesabu ya mshahara wa mtu yeyote ninayemjua.

Kisha kuna safari. Samansi ikihitaji kumfikia mtu Witu, Mpeketoni au kisiwani Lamu, anayetumwa hupita barabara ya Garsen, ambayo wakati wa mashambulizi ya al-Shabaab mabasi yake yalikuwa yakisindikizwa na polisi, na kama ni kisiwani hushuka Mokowe akavuka kwa boti. Katika ofisi nzuri hupewa nauli, chakula na malazi kabla ya kuondoka. Katika ofisi mbovu huambiwa, "Tumia zako, tutarekebisha mwisho wa mwezi," na mwisho wa mwezi ukifika huulizwa risiti ya boti, kana kwamba nahodha wa Mokowe ana kitabu cha risiti.

Kisheria mtu huyu ni nani? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamtambua msaidizi wa kisheria, lakini yule aliyeajiriwa na Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria au na mtoa msaada aliyeidhinishwa. Karani wa wakili binafsi hayumo humo. Sheria ya Mawakili nayo humgusa zaidi kwa kumkataza, kwamba asiye na sifa za uwakili asifanye kazi ya wakili. Wapo waliosoma stashahada ya miaka miwili katika Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, na wapo walioingia ofisini baada ya kidato cha nne wakajifunza kwa kutazama. Wote wawili hukaa meza moja, na kosa likitokea wote wawili huwa sawa.

Turudi kwenye kosa lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Tangu Machi 2024 mahakama kote nchini zinapokea hati kwa njia ya mtandao. Karani hupakia hati, mfumo hukokotoa ada, na bili hupelekwa kwa bosi ili ilipwe. Hati haihesabiki kuwa imewasilishwa mpaka ada iwe imelipwa. Mtu anayetaka kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ana siku 30. Ichukue siku ya thelathini. Karani amekwisha kupakia hati ya rufaa kabla ya adhuhuri, bili imetoka, naye ameituma kwa WhatsApp. Bosi yuko hotelini na mteja wa kiwanja, simu inaita haipokewi. Alasiri karani anatuma ujumbe wa pili, magharibi wa tatu. Pesa zinaingia kwa M-Pesa asubuhi ya siku ya 31, zikiambatana na swali: "Mbona hujafaili mpaka sasa?"

Sasa ombi la kuongezewa muda litahitaji sababu, na sababu iliyo tayari ni karani. Mara nyingine wakili huapa mwenyewe kwamba msaidizi wake alighafilika. Mara nyingine, na hili ndilo ovu zaidi, karani huletewa hati ya kiapo iliyokwisha kuchapishwa, inayoeleza kwa Kiingereza cha unyenyekevu kwamba yeye, mtu mzima mwenye akili timamu, alipotelewa na tarehe, na huambiwa aipeleke kwa kamishna wa viapo kabla ya saa nane. Kuapa uongo ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na anayeandaa hati hiyo analijua hilo kuliko anayeitia sahihi. Karani akikataa huitwa mtovu wa nidhamu. Akikubali amejiandikia barua ya onyo isiyofutika, kwa sababu maamuzi ya mahakama huchapishwa mtandaoni, na mwajiri wa kesho anaweza kuyasoma.

Sisemi kwamba makarani hawakosei. Hukosea, tena makosa makubwa. Tarehe ya kutajwa kesi huandikwa siku ya kusikizwa, hati ya Lamu hupakiwa katika faili ya Garsen. Ninachosema ni kwamba katika ofisi isiyoandika maagizo yake, kosa la kweli na kosa la kusingiziwa hayatofautishiki, na bosi anayependa mambo yabaki hivyo ana faida nayo. Amri hutolewa kwa mdomo, mlangoni, akiwa na funguo za gari mkononi. Karani akiomba aandikiwe huulizwa kama amekuwa wakili.

Jambo la pili ambalo wanaotazama kutoka mbali hawalioni ni lile linalotokea kaunta. Mteja wa kesi ya ajali amesubiri kwa miaka, kampuni ya bima imekubali kulipa, hundi imetoka, na fedha zimeingia kwa wakili. Kanuni za hesabu za mawakili zinataka fedha za mteja ziwekwe mbali na fedha za ofisi. Karani hana sahihi katika akaunti hiyo wala haonyeshwi taarifa ya benki, lakini yeye ndiye anayekaa mbele pale mama wa Ganda anapoingia, akavua ndara mlangoni kwa adabu, akauliza: "Mwanangu, niambie kweli, zile pesa zimetoka hazijatoka?" Na karani, ambaye sauti ya bosi aisikia nyuma ya mlango, hujibu: "Mama, wakili hayupo, faili ingali kwa bima."

Katika mji mkubwa uongo huo ungeishia kaunta. Hapa mama huyo huenda ni jirani wa shangazi yake. Atakutana naye sokoni, atakutana naye matangani, na siku ukweli utakapojulikana, jina litakalotajwa kijijini ni la yule kijana wa ofisini, kwa sababu wakili wao hawamjui kwa sura, pengine ni mtu wa kuja na wikendi hurudi kwao. Wakili hutumia uaminifu ambao jamii imempa kijana wao, akautumia kama dhamana ya deni lake, na dhamana hiyo ikimalizika humtafuta kijana mwingine. Nimesikia makarani wakisimulia kwamba walivumilia matusi na mshahara wa kuchelewa, lakini walichoshindwa kuvumilia ni kubadilisha njia ya kwenda nyumbani ili wasipite mbele ya mlango wa mteja.

Mawakili wana majibu yao, na baadhi yake ni ya haki. Husema kazi hii ina presha, kwamba siku 14 za utetezi hazimngoji mtu, kwamba mteja aliyepoteza shamba kwa uzembe hatafarijiwa na sera nzuri ya wafanyakazi. Husema pia kwamba wateja hulipa kwa vipande na kodi ya pango hailipwi kwa vipande. Hayo ni kweli, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ofisi ya wakili mmoja katika mji wa utalii wa msimu haina utajiri ambao watu huudhania. Ila presha inaeleza sauti iliyopanda saa ya kukimbilia mahakamani. Haielezi kwa nini mfanyakazi wa miaka minne hana mkataba, wala kwa nini makato ya NSSF na ya bima ya afya yanaonekana kwenye mshahara lakini hayaonekani kwenye akaunti zake. Jibu lile jingine, kwamba "na sisi tulipokuwa wanagenzi tulitukanwa tukanyamaza," silipi uzito. Mwanagenzi alinyamaza akijua kwamba baada ya muda ataapishwa na kuwa wakili. Karani ananyamaza akielekea wapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kwa kweli haikumsahau. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Usipoonyeshwa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa humwangukia mwajiri. Kifungu cha 19 kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa, na kuhusu hasara ya mali kinataka mfanyakazi awe ameisababisha kwa kusudi, kwa hivyo ule mtindo wa kumkata karani gharama za kesi kuahirishwa hauna mguu wa kusimamia. Kifungu cha 41 kinataka anayeshutumiwa asikilizwe mbele ya mwenzake anayemchagua kabla ya kufukuzwa, na kifungu cha 49 kinaruhusu fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Inashangaza kidogo kwamba vifungu hivi vinajulikana kwa moyo katika ofisi zilezile, ambako hunukuliwa kila wiki dhidi ya mahoteli yaliyowafukuza wapishi.

Kuna mwanya mmoja, nao ni mkubwa. Kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, sheria hiyo inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya maandishi. Hesabu wafanyakazi wa ofisi ya kawaida ya wakili Malindi au Lamu, pamoja na anayefagia na mlinzi wa usiku, uone kama watafika nusu ya idadi hiyo. Msichana aliyeajiriwa kupokea simu, akaambiwa abaki baada ya saa za kazi "kumalizia faili", analindwa na sheria ya jumla, lakini ofisini mwake hakuna karatasi inayomwambia amweleze nani, na mtu pekee wa kuelezwa ni yuleyule. Uchunguzi wa Chama cha Kimataifa cha Mawakili uliotolewa mwaka 2019, uliohoji karibu watu 7,000 wa taaluma hii katika nchi 135, ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa amenyanyaswa kijinsia kazini, na kwamba visa vitatu katika kila vinne havikuripotiwa kamwe. Kama mawakili wenyewe, wenye leseni na kinywa, hunyamaza kwa kiasi hicho, mpokea simu atapata wapi ujasiri?

Ndiyo maana ushauri wa "nenda ukamshtaki" hutolewa kwa wepesi na watu wasiopajua mahali. Tangu mwaka 2018 kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi zinaweza kusikizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, na makarani karibu wote wako chini ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba karani wa Malindi atapeleka malalamiko yake katika masijala ileile anayoiendea kila siku, mbele ya mahakama ambayo bosi wake huingia na kutoka. Atahitaji wakili, na mawakili wa mji huu wanajuana, hukopeshana vitabu, hushikiana kesi wakati mmoja anapochelewa. Sidai kwamba mahakama itapendelea. Nadai kwamba mtu mwenye watoto huamua kufungua kesi au kutofungua kabla hajamwona hakimu, na katika uamuzi huo anawaza ofisi nyingine ngapi mjini zitakazomwajiri baadaye.

Mawakili wa hapa wanajua kujipanga wanapotaka. Mwaka 2016 chama chao cha Malindi kilipinga mabadiliko ya sheria yaliyowapa mahakimu mamlaka ya kusikiza kesi za ardhi, kikashinda katika Mahakama Kuu papa hapa, ingawa Mahakama ya Rufaa iliugeuza uamuzi huo mwaka uliofuata. Ile ilikuwa hoja nzito ya kikatiba, na waliitetea kwa bidii. Kifungu cha 41 cha Katiba hiyohiyo kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi ya kuridhisha, na sijasikia kikitajwa katika mikutano yao kuhusu watu wanaowachemshia chai mikutanoni humo.

Mabadiliko ninayoyaona yana faida ni madogo, na hayahitaji sheria mpya. La kwanza liko mikononi mwa mahakama. Wakili akiapa kwamba karani ndiye aliyekosea, aulizwe shajara iko wapi, maagizo yalitolewa lini, na bili ya mfumo ilitoka saa ngapi na kulipwa saa ngapi. Mfumo wa mtandaoni unahifadhi nyakati hizo. Zamani hoja ilikuwa neno la wakili dhidi ya ukimya, leo kuna ushahidi ambao hakuna anayeuomba. Wapo majaji ambao hukataa kisingizio hiki pale kisipoungwa mkono na kiapo cha karani mwenyewe, na hiyo ni hatua, lakini kama nilivyoeleza, kiapo cha karani kinaweza kuwa kimeandikwa na bosi. Saa ya malipo haiandikwi na bosi.

La pili ni la Chama cha Mawakili wa Kenya na la vyombo vya nidhamu. Sheria ya Mawakili inahesabu kuwa utovu wa maadili mwenendo wowote wa aibu usiolingana na hadhi ya uwakili. Kwa desturi, malalamiko yanayosikika ni ya wateja walioliwa fedha. Sioni kwa nini kumlazimisha mfanyakazi kuapa uongo, au kula makato yake ya uzeeni, kusihesabiwe humo humo. Lalamiko la namna hiyo huenda kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, nje ya mji na nje ya masijala ya kila siku, na kwa mtu wa Malindi au Lamu umbali huo ni nafuu.

Karani mwenyewe ana lake pia. Asitoe nakala za faili za wateja kupeleka nyumbani, hata akiwa amedhulumiwa kiasi gani, kwani siri hizo si zake wala si za bosi, ni za mteja, na kuzitoa kutampa mwajiri sababu ya halali ya kumfukuza. Anachoweza kuweka ni daftari lake: tarehe, saa, agizo lilitolewa na nani, bili ilitumwa lini, nauli ya Lamu ilikuwa kiasi gani na ilirudishwa au la. Ujumbe wa kuomba ada uandikwe, usipigwe kwa simu tu. Akiondoka ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, mradi amefanya kazi wiki nne mfululizo, na madai yake yatakufa yasipofunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu haki yake ilipovunjwa. Kwa kuwa kuhesabu siku za kesi za wengine ndiyo kazi aliyoifanya muda wote huo, na hizi zake azihesabu.